Firigisi Ishirini na Nne

Kabla sijawaeleza nilivyoingia katika kazi ya kufuga kuku wa nyama, kazi niliyoifanya mpaka magoti yaliponikataza kuinama, inafaa mjue hali ilivyokuwa Uvira, mji wetu wa kando ya ziwa, katika miaka ile ya kwanza ya uhuru. Ninyi mnaonunua kuku aliyekwisha kunyonyolewa hamwezi kuikisia. Kuku wakati ule alikuwa wa aina moja tu: alilala jikoni, aliamka kabla ya watu, alijitafutia chakula mchana kutwa, na hakuna aliyemhesabia majuma. Aliliwa kwa sababu mbili. Ama mgeni wa heshima alikuwa amefika, ama kuku mwenyewe alikuwa ameanza kusinzia na mabawa yake kulegea, akawahiwa kwa kisu kabla ugonjwa haujammaliza. Kumfungia ndani, kumpimia chakula, na kumchinja siku iliyoandikwa kwenye karatasi, hayo yalikuwa mambo ya Wazungu, nao wengi walikuwa wamekwisha kuondoka.

Mimi nilikuwa karani katika kituo cha kilimo cha bonde la Ruzizi. Nilikuwa nimesoma kwa mapadre miaka saba. Niliweza kumtaja kuku kwa Kilatini, katika umoja na katika wingi, lakini sikuwahi kumshika. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, chumba kimoja cha kupanga mtaani Songo, na mchumba aitwaye Esta, binti wa Mzee Zabuloni wa Bwegera, mkulima wa mpunga na shemasi wa kanisa lake. Habari za ng'ombe wa mahari wajomba zangu walikuwa wamekwisha kuzisawazisha. Kilichobaki kilikuwa neno la mzee, naye mzee hakuwa mtu wa kutoa neno upesi.

Hapo ndipo uasi uliposhuka bondeni. Barabara ikafungwa, kituo changu kikafungwa, na watu wa Bwegera wakaja mjini na magodoro vichwani. Mzee Zabuloni, pamoja na Esta, alifikia kwa mdogo wake, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Siku ya pili aliniita. Hakuwahi kuniita kwa jina langu, hata baadaye.

"Karani, ofisi yako imefungwa?"

"Imefungwa, baba."

"Kalamu ungali nayo?"

"Iko, baba."

"Sasa mutoto yangu atakula wino?"

Swali hilo halikuwemo katika vitabu nilivyosoma.

"Minye siko muntu mubaya," akaendelea, na kwao Bwegera "minye" ni mimi. "Nakupa neno moja. Siku utakusanya wazee wangu, uwalishe kitu weye mwenyewe ulichunga na mikono yako, haiko kitu ya kuazima, haiko ya mujomba, siku ile utamuchukua Esta. Kama hapana, barabara ikifunguka anarudi na minye Bwegera. Kule kuko mwalimu mumoja anamungojea tangu zamani. Ule iko na shamba."

Sasa, katika dunia nzima nilikuwa na mali moja ya kuchunga: sanduku la vifaranga hamsini. Lilikuwa limefika kituoni kwa lori la mwisho kutoka ng'ambo ya mpaka, katika juma lile lile la kufungwa. Agronomu, yaani bwana shamba aliyeliagiza, alikuwa amekwisha kupanda meli. Dereva alitaka sahihi, na hakuna aliyetaka kuitoa. Nikaitoa mimi, kwa mazoea. Ndani ya sanduku kulikuwa na kijitabu cha Kifaransa cha kurasa arobaini, kinachoeleza ufugaji wa kuku wa nyama tangu kifaranga wa siku moja hadi sahani. Nilikisoma mara tatu, nikakipigia mistari kwa wino mwekundu. Makosa yangu karibu yote yalitoka humo.

Niliyempata wa kunifunza alikuwa mwenye ua niliopanga, mjane aitwaye Mama Kiza, muuzaji wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, pale ufukweni, mwanamke mwenye sauti ya kuvuka mawimbi. Hakujua kusoma, na hakuona aibu yoyote juu ya jambo hilo.

Kijitabu kilisema taa ya kuwapasha vifaranga joto iwekwe sentimita arobaini kutoka sakafuni. Nilining'iniza taa ya mafuta, nikapima kwa rula, nikaridhika. Katika siku nne walikufa kumi na sita, wamelundikana pembeni wakibanana. Nilipokuwa nikipima tena urefu wa kamba, Mama Kiza alichungulia mlangoni.

"Karani, unawapasha moto ao unawasomea kitabu?"

"Mama, urefu ni sawasawa. Nimeupima."

"Urefu njo nini? Angalia watoto, hapana angalia taa."

Alileta chungu cha udongo, akatia makaa, akayafunika kwa majivu, akakizungushia tenga ili vifaranga wasiungue. Kisha akanifundisha somo ambalo ningependa mlishike kuliko yote nitakayoyasema hapa. Vifaranga wakirundikana, wana baridi. Wakikimbilia ukutani na kuachama midomo, wana joto. Wakitawanyika kama maharage yaliyomwagika, mmoja anakula, mwingine amelala na mguu ameunyoosha nyuma kama mlevi, hapo joto ni sawa, wala hakuna haja ya rula.

Kosa la pili lilikuwa la matandiko. Nilitandika pumba za mpunga, vizuri kabisa, nikaziacha majuma matatu, maana kijitabu hakikutaja mvua ya Uvira wala paa la Mama Kiza. Kumi wengine walihara damu na kufa. Tangu siku ile kila asubuhi nilifumbata konzi ya pumba. Nikifungua mkono na zikabaki zimeshikamana, nilizitoa zote. Fanyeni hivyo hata kama mmechoka.

Walibaki ishirini na wanne. Niliwahesabu mara nyingi kuliko mtu mwenye akili timamu anavyopaswa.

Chakula kilikuwa shida ya tatu. Gunia lililokuja na vifaranga liliisha, na barabara ilikuwa imefungwa. Kijitabu kilisema kuku wa nyama lazima apate unga wa samaki. Nikaona jambo limejitatua lenyewe: ziwa lilikuwa hatua mia mbili kutoka mlangoni, na Mama Kiza alikuwa na ndagala waliobaki kila jioni kwa kukosa wanunuzi wa kupanda nao milimani. Nikawa natwanga ndagala wakavu pamoja na mahindi na maganda ya muhogo. Kuku wakanenepa kwa namna ambayo Songo haikuwahi kuona. Walikuwa weupe kama mashuka ya hospitali, vifua vyao vipana, na ilipofika juma la tisa walikuwa wameacha kutembea isipokuwa kwa lazima. Walikaa, wakala, wakatazama.

Mzee Zabuloni alikuwa anakuja kila asubuhi kuwakagua. Mkimbizi wa vita hana shamba la kwenda, na mzee yule hakuweza kukaa bure. Akauchukua ukaguzi wa kuku wangu kuwa ndiyo kazi yake. Aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono juu ya fimbo.

"Karani, hii kuku yako iko na miguu?"

"Iko nayo, baba. Imefunikwa na tumbo."

"Minye nimeishi na kuku miaka yote. Kuku ni kitu ya kukimbia. Weye umechunga mito ya kulalia."

Esta, akipita na ndoo ya maji, aliinamisha kichwa ili asionekane akicheka. Hakufaulu.

Siku moja, mzee akiwa palepale juu ya kinu, waliingia vijana wanne wa uasi, majani vichwani, mmoja na bunduki, watatu na mikuki. Sitacheza na kumbukumbu ya vita ile. Kulikuwa na nyumba mtaani mwetu zilizolia kwa sababu yake. Lakini siku ile walikuwa na njaa tu. Mkubwa wao alisema wanataka kuku wote, kwa ajili ya taifa. Nilihisi Esta akiondoka mikononi mwangu, amebebwa na kuku ishirini na wanne.

Kijana mmoja aliingia bandani akipiga kelele ili kuku watawanyike na wenzake wawadake mlangoni, kama ifanywavyo. Hakuna aliyetawanyika. Kuku wote ishirini na wanne waligeuza vichwa, wakamtazama, wakaendelea kukaa. Akapiga makofi. Mmoja akafumba jicho. Kijana akarudi kinyumenyume.

"Chef," akamwita mkubwa wake, "hii kuku haikimbii."

"Namna gani haikimbii?"

"Inaniangalia tu. Yote. Iko na dawa."

Mkubwa akamgeukia Mzee Zabuloni, kwa kuwa ndiye mwenye mvi. "Muzee, ni kweli hii kuku haikimbii?"

Shemasi huyo, ambaye hakuwahi kusema uongo na hakuusema siku ile, alijibu taratibu: "Tangu nimeanza kuiangalia, muda wa mwezi na zaidi, sijaiona inakimbia hata siku moja. Na minye nashangaa sawa vile weye."

Walishauriana kando. Walikuwa na miiko mingi juu ya vyakula, na kuku asiyemwogopa askari hakuwemo katika miiko hiyo, jambo lililowatisha zaidi. Wakaondoka kwa heshima. Wakamkuta jogoo wa jirani nje, naye akakimbia kwa nguvu zake zote kama jogoo wa kweli, wakamfukuza mpaka mtoni na kumla. Jirani yule hakunisalimu mpaka Pasaka.

Nilitangaza siku ya karamu. Kijitabu kilisema kundi lote la kuku lichinjwe siku moja, na banda libaki tupu, lisafishwe. Kwa hiyo ilibidi wote ishirini na wanne wafe asubuhi moja, na wazee wawale adhuhuri. Mama Kiza aliita wanawake watano wa kunyonyoa, na Esta akawa wa sita.

Kuhusu kazi yenyewe, kijitabu kilikuwa na mambo ya kweli, nami nayakubali. Kuku asile tangu jioni iliyotangulia, anywe maji tu. Utumbo mtupu haupasuki ovyo. Aning'inizwe kichwa chini mpaka damu iishe. Maji yasichemke: uchovye kidole mara tatu upesi, na mara ya nne usithubutu, hapo yako tayari. Yakichemka, ngozi inatoka pamoja na manyoya, na kuku anafanana na mtu aliyevuliwa shati kwa ugomvi. Watatu wa kwanza walifanana hivyo. Waliobaki walitoka wazuri.

Lakini ukurasa wa thelathini na sita ulikuwa na kichwa kilichosema "kuku tayari kwa kupikwa", na chini yake amri: kichwa kikatwe, miguu ikatwe, vya ndani vyote vitolewe, na takataka zote zizikwe mita moja chini ya ardhi na kufunikwa kwa majivu, kwa sababu ya usafi. Nilikuwa nimekwisha kuchimba shimo, na nilikuwa nimelipima.

Mama Kiza alisimama na kisu hewani. "Vyote?"

"Vyote, mama."

"Na firigisi?"

"Na firigisi. Imeandikwa."

Hapa lazima nisimame, maana wajukuu zangu hununua firigisi kwa mafungu na kuzikaanga na vitunguu, wasichana kwa wavulana. Kwetu wakati ule firigisi ilikuwa na mwenyewe. Kuku akichinjwa, firigisi iliwekwa juu ya nyama, mahali pa kuonekana, na mwenye nyumba ndiye aliyeila. Akiwapo mkwe, hupewa yeye. Mwanamke hakuigusa kwa meno. Haya nilizaliwa nayo, niliyajua kama ninavyojua jina la mama yangu. Nikayasahau kwa asubuhi moja, kwa sababu ya ukurasa wa thelathini na sita.

Mama Kiza alishusha kisu. "Kitabu kinasema ni takataka?"

"Kinasema ni takataka."

"Nimesikia," akasema. Nilikwenda kuvaa koti langu, nikawaachia wanawake shimo na majivu.

Wazee tisa waliketi kwenye mikeka, Mzee Zabuloni katikati. Bugali, yaani ugali wa muhogo, ulikuja ukiwa na mvuke. Kisha kuku katika mafuta ya mawese, vyungu vitano vikubwa. Mzee aliomba, akafunua chungu chake, akatazama juu ya nyama. Akatazama tena. Akachukua mwiko, akageuza nyama upande mmoja, kisha upande wa pili, kama mtu aliyeangusha pete kisimani.

"Karani. Kichwa iko wapi?"

"Nimezika, baba."

"Umezika?"

"Pamoja na miguu."

"Kulikuwa msiba?"

Wazee walianza kuonja huku wakisikiliza, na hapo ndipo kosa langu la ndagala liliposimama na kujitaja. Jueni hili: ukimlisha kuku samaki mpaka siku ya mwisho, nyama yake itanuka samaki. Acheni samaki majuma mawili kabla ya kisu, au zaidi. Kijitabu kilisema hivyo, lakini katika ukurasa wa thelathini na tisa, ambao kwa haraka ya harusi niliusoma nikiwaza mengine.

Mdogo wake Mzee Zabuloni, mvuvi mstaafu, alitafuna, akaacha kutafuna. "Kaka, hapana meza hii nyama."

"Juu ya nini nisiimeze?"

"Minye nimevua hili ziwa tangu kijana. Hii nyama naijua. Hii ni munandi."

Mnandi ni yule ndege mweusi anayezamia samaki na kukausha mabawa juu ya miamba. Hakuna amlaye mwenye chakula kingine. Mikono tisa ikatoka vyunguni kwa pamoja.

"Ni kuku, wazee wangu!" nikasema. "Wale weupe. Baba aliwaona kila siku."

"Niliona vitu vyeupe vimekaa," akajibu Mzee Zabuloni. "Sasa naona nyama ya samaki, haina kichwa, haina miguu, na banda iko tupu. Weye muntu wa shule, ukikuwa mahali pangu, utasema nini? Esta! Funga vitu yako."

Nilichukua jembe. Nilichimba nikiwa na koti na tai, wazee tisa wakiwa wamesimama kando ya shimo kama maziko kweli. Mita moja ni ndefu sana kwa karani. Majivu yaliruka, yakanifanya mweupe mpaka nyusi. Kisha vikatoka vichwa, na vishungi vyekundu juu, kimoja kimoja, nikavipanga juu ya jani la mgomba. Mvuvi akavihesabu. Ishirini na nne. Miguu arobaini na minane. Akachukua kichwa kimoja, akakifuta majivu, akakitazama jicho kwa jicho.

"Ni kuku," akakubali, kwa masikitiko. "Basi ni kuku ilikuwa inavua."

Mzee Zabuloni hakucheka. Alikuwa bado anatazama shimoni. "Chimba tena. Firigisi sijaziona."

Nilichimba. Nilitoa matumbo, nilitoa manyoya. Firigisi, sikutoa hata moja. Nikageuka kumtafuta Mama Kiza, naye alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, anafuta mikono kwenye kitenge bila haraka yoyote.

"Firigisi iko wapi?" mzee akauliza.

"Karani alisema ni takataka," akajibu. "Kitabu kilisema. Sasa sisi wanawake tukasema, kama ni takataka, haiko na mwenyewe. Tukachoma na chumvi."

"Mulikula?"

"Tulikula takataka, muzee. Ilikuwa tamu."

Firigisi ishirini na nne, wanawake sita... naomba radhi, wanawake saba pamoja na Mama Kiza mwenyewe. Hata leo nikifanya hesabu hiyo naona haigawanyiki sawasawa, maana yake kuna waliozidisha.

"Esta," mzee akaita, kwa sauti ya chini.

"Baba."

"Na weye ulikula?"

"Nilikula, baba."

"Ngapi?"

Esta angeweza kusema moja. Aliinua uso, na midomo yake bado ilikuwa inang'aa mafuta. "Tano, baba."

Mzee aliketi. Mvuvi akarudi taratibu kwenye chungu, kwa kuwa sasa ilikuwa kuku. Kisha mzee akawauliza wenzake, kama mtu anayefundisha katekisimu: "Muntu wa kula firigisi mu nyumba njo nani?"

"Njo mwenye nyumba," wakajibu.

"Mu hii nyumba ya karani, nani amekula?"

Mmoja akaanza kukohoa ndani ya kiganja.

"Mutoto yangu amekula tano," akasema. "Sasa nimurudishe Bwegera namna gani? Kwangu kuko mwenye nyumba mumoja, njo minye. Wawili hatuenei. Na ule mwalimu ni muntu mupole, hawezi kumuweza uyu." Akanigeukia, nami nimesimama shimoni mpaka kiunoni, mweupe kwa majivu. "Karani, toka mule. Nawa. Kuja umupokee mukubwa wako."

Nilitoka. Wazee walirudi mikekani, wakala kuku wenye harufu ya ndagala mpaka vyungu vikabaki mifupa, na mvuvi akaomba mchuzi mara ya pili.

Ndoa yetu ilifungwa juma la tatu baada ya siku ile, katika kanisa la mtaa, bila ngoma, kwa sababu risasi zilikuwa zinasikika upande wa milima. Barabara ilipofunguliwa, Mzee Zabuloni alirudi Bwegera kulima mpunga wake, na Esta akaagiza vifaranga mia moja kutoka ng'ambo. Kituo cha kilimo hakikufunguliwa tena.